Mwongozo upi wa lehemu ufuatwe Dar es Salaam: WHO, Uingereza, Marekani au Ulaya?

Mwanaume wa miaka 52, mkazi wa Temeke, ameshika majibu ya maabara: lehemu yote (kolesteroli) 5.8, HDL (lehemu nzuri) 1.0, trigliseridi (mafuta ya damu) 1.9, zote kwa mmol/L. Hana kisukari, havuti sigara, presha yake 148 kwa 92, hajawahi kupata kiharusi wala mshtuko wa moyo. Duka la dawa la mtaani limeshamuuzia statini, dawa ya kushusha lehemu, ya mwezi mmoja. Shemeji yake aliyeko Uingereza anamwambia asimeze kitu hadi apigiwe hesabu ya hatari. Video aliyorushiwa na jirani inataka LDL yake, ile lehemu mbaya, iwe chini ya 1.4. Ukiliondoa duka la dawa, kila mmoja ana mwongozo halali nyuma yake, na ndiyo maana wanapishana.

Kila mwongozo wa lehemu una vipande vitatu. Cha kwanza ni kikokotoo, yaani njia ya kukadiria uwezekano wa mtu kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Cha pili ni kizingiti: asilimia ngapi ndipo dawa ianze. Cha tatu ni lengo, namba inayotakiwa kufikiwa baada ya dawa. Vipande hivi hushonwa pamoja na watu wale wale, kwa takwimu za watu wao, kwa mfuko wa nchi zao. Kosa tunaloliona kuliko yote ni kuvichanganya: hatari imepigwa kwa kikokotoo cha Wamarekani, kizingiti kimechukuliwa WHO, lengo limetoka Ulaya. Matokeo yake hayana mwenyewe.

| | WHO | Uingereza (NICE) | Marekani (ACC/AHA) | Ulaya (ESC/EAS) |
|---|---|---|---|---|
| Toleo | Chati za 2019 na mpango wa HEARTS | Desemba 2023 | 2018 | 2019, nyongeza 2025 |
| Kikokotoo | Chati ya kanda, miaka 40–74 | QRISK3, miaka 25–84 | PCE, miaka 40–79 | SCORE2, miaka 40–69. SCORE2-OP, 70–89 |
| Asiyeugua aanze statini | 20% | 10% | 7.5% kwa mazungumzo, 20% bila kusita | Hatari na LDL husomwa pamoja |
| Lengo kwa asiyeugua | Hakuna namba ya kufukuzia | Non-HDL (lehemu yote toa HDL) ishuke zaidi ya 40% | LDL ishuke 30–49%. Hatari ikiwa 20%, ishuke 50% | LDL chini ya 3.0, 2.6, 1.8 au 1.4 kulingana na kundi |
| Aliyeugua moyo au kiharusi cha kuziba | Statini kwa kila mmoja | LDL 2.0 au chini | Ishuke 50%, ikibaki 1.8 au zaidi, ongeza dawa | Chini ya 1.4, na ishuke angalau 50% |

Ili uone uzito wa kizingiti, mchukue mtu yeyote aliyepewa asilimia 12. Kwa WHO huyo hajafika kwenye statini. Anashushiwa presha, anashauriwa chakula na mwendo, anarudi kliniki. Kwa Uingereza anapewa atorvastatini ya 20 mg. Kwa Marekani yuko kundi la kati, lile la 7.5 hadi chini ya 20, kwa hiyo daktari anakaa naye na kutafuta vitu vinavyoongeza uzito kabla ya kuandika dawa. Kwa Ulaya, toleo la 2025 linamweka kundi la hatari kubwa, na LDL yake inatakiwa chini ya 1.8. Mtu mmoja, majibu manne. Na hapo tumejifanya kwamba vikokotoo vyote vinne vimempa 12, jambo ambalo halitokei.

Kikokotoo: hapa WHO inashinda

Kwa mkazi wa Dar ambaye hajawahi kuugua, tungeanza na chati ya WHO, na sababu ni moja: ndiyo pekee kati ya hizi nne iliyorekebishwa kwa kanda yetu. Chati za 2019 zimegawa dunia katika kanda 21, na Tanzania iko Afrika kusini mwa Sahara, upande wa mashariki. SCORE2 imegawa nchi katika makundi manne ya hatari. Misri, Morocco na Tunisia zimo, Tanzania haimo. PCE ya Marekani inauliza kama wewe ni mweupe au Mmarekani mweusi, na Mzaramo wa Mbagala hayumo katika maswali hayo, hata kama rangi ya ngozi inafanana. Wamarekani wenyewe walitoa kikokotoo kipya mwaka 2023, PREVENT, ambacho kimeondoa swali la rangi na kuingiza kazi ya figo, lakini nacho ni cha watu wao. QRISK3 ina kisanduku cha Mwafrika mweusi, ila ni Mwafrika anayeishi Uingereza, na inaomba posta kodi ya huko. Ukiiacha wazi, inakuhesabu kama mtu wa mtaa wa wastani wa Kiingereza.

Chati ya WHO ina sura mbili. Moja inatumia majibu ya maabara: umri, jinsia, sigara, namba ya juu ya presha, kisukari na lehemu yote. Nyingine haihitaji maabara kabisa. Mahali pa lehemu na kisukari panakaa uzito ukilinganishwa na urefu, yaani BMI. Hiyo ya pili ni neema kwa zahanati isiyo na mashine, ila ina mtego: haioni kisukari. Mwenye kisukari akipimwa kwayo atatoka na hatari ndogo kuliko aliyonayo. Huyo apelekwe kwenye ya maabara, hata kama ni kwa kusubiri wiki.

Kuisoma ni hivi. Hakikisha kwanza ni chati ya kanda ya mashariki. Nenda upande wa mwanaume au mwanamke, kisha wa mvutaji au asiyevuta. Kwenye chati ya maabara kuna pia mgawanyo wa wenye kisukari na wasio nacho. Tafuta safu ya umri, zimepangwa kwa miaka mitano mitano. Ndani ya safu hiyo tafuta mstari wa presha: chini ya 120, 120–139, 140–159, 160–179, 180 na zaidi. Halafu nguzo ya lehemu: chini ya 4, 4 hadi 4.9, 5 hadi 5.9, 6 hadi 6.9, 7 na zaidi. Namba iliyo katika kijisanduku ndiyo asilimia. Mtu wetu wa Temeke anaangukia safu ya 50–54, mstari wa 140–159, nguzo ya 5 hadi 5.9.

Namba ya presha inayoingia humo iwe wastani wa vipimo viwili, mtu ameketi dakika tano, mgongo umeegemea, mkono uko usawa wa moyo. Aliyetoka kushuka daladala na kupimwa hapo hapo huruka mstari mzima. Anayemeza dawa za presha, kumbuka kijisanduku kitamwonyesha nafuu kuliko hali yake, kwa kuwa kinasoma presha iliyokwisha kushushwa.

Kuna jambo moja dogo la kuangalia ukutani. Huenda kituo bado kinatumia chati za zamani za 2007. Tazama maelezo ya rangi: yakiwa na kundi la "asilimia 40 na zaidi", hiyo ni ya 2007. Mpya inaishia 30 na zaidi, na ina kundi la chini ya 5 ambalo ya zamani haikuwa nalo. Ibandue.

Mwenye lehemu yote ya 8 mmol/L au zaidi isiyoshuka, WHO haimtaki kwenye chati hata kidogo, anapewa statini. Wamarekani wanasema hivyo hivyo kwa LDL ya 4.9 na kuendelea. Namba za namna hiyo mara nyingi ni za kurithi, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja na watoto nao wapimwe.

Kizingiti: hapa WHO inabana mno

Asilimia 20 ni kizingiti cha wizara inayogawana shilingi chache kwa watu wengi. Kina mantiki yake: fedha ya statini kwa mtu wa asilimia 8 ingenunua dawa ya presha kwa mtu wa asilimia 25, na katika jiji hili presha ndiyo inayoangusha watu. Ila mtu mmoja mmoja, mwenye bima au mwenye uwezo wa kununua atorvastatini ya kawaida isiyo na jina kubwa, halazimiki kusubiri afike 20. Kati ya 10 na 20 tungemwazimia busara ya Wamarekani, si kizingiti chao: chukua kadirio, kisha uliza kuna nini kingine ambacho chati haikukiona.

Orodha yao ya viongeza hatari ni ndefu, lakini kwa Dar vinavyojitokeza ni hivi: baba au kaka aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65, figo zilizoanza kuchoka, VVU, kifafa cha mimba au presha ya mimba ya zamani, hedhi iliyokoma kabla ya miaka 40, baridi yabisi. Asili ya Asia Kusini nayo imo, na hilo linawahusu wengi wa Upanga na Kisutu. Kimoja kikiwapo kwa mtu wa 12 au 15, sisi tungeanza dawa. Kama hakuna hata kimoja, miezi sita ya kushusha presha na kubadili mafuta ya kupikia inatosha kabla ya kupima tena. Wamarekani wana pia picha ya CT inayohesabu chokaa kwenye mishipa ya moyo. Ikitoka sifuri kwa asiyevuta sigara na asiye na kisukari, statini inaweza kuahirishwa. Ni kipimo kizuri kwa anayeyumba kweli. Kwa wengi, gharama yake inazidi statini ya muda mrefu.

Kisukari kinawaunganisha kwa kiasi. WHO na Marekani wanasema aliyefikisha miaka 40 na ana kisukari apewe statini, Wamarekani kwa nguvu ya kati. Uingereza bado inampigia QRISK3 mwenye kisukari cha aina ya pili. Hapa Waingereza wanajisumbua bure. Fuata hao wawili.

VVU ndiyo sehemu ambayo mwongozo wa WHO uko nyuma zaidi kwa mgonjwa wetu, maana chati haina swali la VVU. Utafiti wa REPRIEVE, uliotoka mwaka 2023 na kuhusisha watu 7,769 wenye VVU wa miaka 40 hadi 75 waliokuwa na hatari ndogo hadi ya kati, ulionyesha kwamba pitavastatini ya 4 mg ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Nyongeza ya Ulaya ya 2025 imelichukua hilo: mwenye VVU aliyefika 40 apewe statini bila kujali kadirio. Anayesimamia kliniki ya CTC asome kipande hicho cha Ulaya hata kama mengine ya Ulaya hayamfai.

Dozi: Waingereza wamerahisisha

NICE ina dawa moja na dozi mbili. Asiyeugua, atorvastatini 20 mg. Aliyeugua, 80 mg. Mwenye figo sugu anaanza na 20. Hakuna ngazi ya kupanda miezi na miezi kuanzia 10. Kwa mgonjwa anayetoka Kigamboni kwa pantoni na kupoteza siku ya kazi kila akija kliniki, huo ni msaada mkubwa.

Sababu ya kuanza na dozi inayofaa ni hesabu ya statini yenyewe. Ukizidisha dozi mara mbili, LDL inashuka kwa nyongeza ya asilimia 6 tu hivi. Kazi kubwa hufanywa na kidonge cha kwanza. Wamarekani wanaita nguvu ya kati atorvastatini 10–20, rosuvastatini 5–10 au simvastatini 20–40. Hizo hushusha LDL kwa asilimia 30 hadi 49. Nguvu ya juu ni atorvastatini 40–80 au rosuvastatini 20–40, inayoshusha kwa nusu au zaidi. Simvastatini humezwa usiku kwa kuwa haikai mwilini. Atorvastatini na rosuvastatini wakati wowote, mradi uwe ule ule.

Sasa mtego wa dukani. Mgonjwa wa presha wa Dar huwa na amlodipini mkononi. Amlodipini ikikutana na simvastatini, simvastatini isizidi 20 mg, la sivyo inapanda kwenye damu na misuli huanza kuuma. Simvastatini na dawa za ARV zenye ritonavir (lopinavir au atazanavir za mstari wa pili) hazikai pamoja kabisa. Atorvastatini inawezekana kwa dozi ndogo. Anayetumia dolutegravir hana shida hiyo. Erithromaisini na klarithromaisini zinagombana na simvastatini vile vile, kwa hiyo anayeandikiwa dozi ya wiki moja ya kifua ataje statini yake kwa mfamasia. Balungi na juisi yake navyo havikai na simvastatini.

Mjamzito aongee na daktari mara moja kuhusu kusimamisha dawa. Anayetafuta mimba afanye hivyo kabla hajashika ujauzito.

Aliyekwisha kuugua: chati haimhusu

Aliyepata mshtuko wa moyo, kiharusi cha kuziba, au aliyewekewa stenti pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hapigiwi asilimia. Hatari yake inajulikana. Miongozo yote minne inampa statini, na tofauti inabaki kwenye umbali wa kushuka.

Turudi kwa mtu wetu, tuseme miaka miwili baadaye amepata mshtuko. LDL yake tuihesabu kutoka ile karatasi: 5.8 toa 1.0, toa 1.9 gawanya kwa 2.2, unapata 3.9. Anapewa atorvastatini 80 mg, inashuka kwa nusu: 1.95. Mwingereza anasema vema, iko chini ya 2.0. Mmarekani anatazama 1.8, anaona imezidi, anaongeza ezetimibe 10 mg ambayo huondoa kama asilimia 20 ya kilichobaki: 1.56. Anaridhika. Mzungu wa Ulaya bado anataka chini ya 1.4, na hatua inayofuata kwake ni sindano za PCSK9 za kila wiki mbili au nne, ambazo wagonjwa wachache sana hapa wanaweza kuzinunua mwezi hadi mwezi.

Kila 1 mmol/L ya LDL inayoshuka hupunguza matukio makubwa ya mishipa kwa takriban moja ya tano. Mtu huyu ameshusha 2.3 kwa vidonge viwili. Hiyo 0.16 iliyobaki ina faida, lakini ndogo mno ukiilinganisha na hatari ya kuacha dawa zote kwa sababu mgonjwa ameambiwa ameshindwa kufikia lengo. Kwa hiyo aliyeugua: anza kwa nguvu ya Uingereza, ongeza ezetimibe kwa kizingiti cha Marekani, na lengo la Ulaya mwachie aliyepata tukio la pili au mwenye bima inayobeba sindano. Huku si kuchanganya kule tulikokukataa juu, maana hapa hakuna kikokotoo kinachotumika.

Kabla ya kuandika ezetimibe, angalia mwongozo wa taifa wa matibabu na orodha ya dawa muhimu, STG/NEMLIT. Ndio unaosema dawa ipi hutolewa kituo cha ngazi gani, na bima huutazama huo, haitazami Ulaya wala Marekani.

Karatasi yenyewe

Nusu ya mabishano ya miongozo huanzia kwenye majibu mabovu. Tazama kipimo kwanza. Maabara moja huandika mmol/L, nyingine mg/dL. Lehemu na LDL za mg/dL zigawanye kwa 38.67, trigliseridi kwa 88.57, si namba ile ile. LDL ya 152 na LDL ya 3.9 ni mtu mmoja.

LDL nyingi hazipimwi, hukokotolewa kama tulivyofanya. Trigliseridi zikipita 4.5 mmol/L (400 mg/dL), hesabu hiyo haifai. Mgonjwa afunge kula kwa muda wa saa 9 hadi 12 na arudie, au tumia non-HDL, ambayo ni lehemu yote toa HDL, na hiyo haiharibiwi na chakula. Kwa kipimo cha kawaida kufunga si lazima. Usipime katikati ya malaria au homa nyingine kali, kwa sababu LDL na HDL hushuka na mtu huonekana mzima. Subiri wiki kadhaa. Na LDL ikiwa juu bila maelezo, pima tezi ya shingo na mkojo kuona protini kabla ya kumlaumu mgonjwa na chipsi zake.

Kwa chakula miongozo haigombani. Mafuta ya nazi yana mafuta mgando zaidi ya asilimia 80, mawese karibu nusu, alizeti kama asilimia 11. Tui la Ijumaa halimuui mtu. Mawese ya kila siku kwenye karai la mihogo ndiyo ya kubadili.

Baada ya kuanza statini, rudia kipimo wiki ya 4 hadi ya 12 kwa mujibu wa Marekani, miezi 2 hadi 3 kwa Uingereza. Miezi miwili inawaridhisha wote. Pamoja na lehemu, pima ALT ya ini. Ikiwa imezidi mara tatu ya kikomo cha maabara, dawa isimame na daktari aangalie. Misuli ikiuma mapaja yote mawili au mabega yote mawili, pima CK (kipimo cha damu cha misuli) kabla ya kuacha dawa mwenyewe. Ikiwa chini ya mara tano ya kikomo, mara nyingi dozi hupunguzwa au statini hubadilishwa. Mkojo ukigeuka rangi ya koka, hapo usisubiri kliniki ya Jumanne.

LDL isiposhuka hata robo, swali la kwanza ni kama vidonge vimemezwa. Ahesabu vilivyobaki kwenye paketi mezani, mbele ya daktari, kabla dozi haijapandishwa.